Shaba Iliyooshwa kwa Ukwaju

Mimi napenda shaba. Si dhahabu wala fedha, shaba tu. Kwa nini, sijui, na nikijaribu kujieleza naona haya, maana mtu aliyeishia darasa la saba, anayeshona kofia kwa riziki yake, ana haki gani ya kujiita mkusanyaji wa sarafu? Lakini ukweli ndio huo. Nikishika pesa ya zamani ya Mvita, ile yenye mizani upande mmoja, moyo wangu hutulia. Nikishika shaba ya kale ya Marekani, ile pana, nene, yenye kichwa cha mwanamke upande wa mbele na shada la majani upande wa nyuma, moyo hautulii. Huruka.

Shaba hizo za Marekani ni adimu hapa, ila si ajabu zikionekana. Zama za merikebu za matanga Wamarekani walikuja pwani yetu kutafuta ngozi, pembe na sandarusi, na walituuzia kile kitambaa tunachokiita merikani hadi leo. Mabaharia wana mifuko, na mifuko ina mashimo. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa na mjomba. Mimi sikuyasoma mahali, kwa hiyo kama kuna kosa, na litafutwe kwangu kwanza, kisha kwake.

Mjomba ana duka mtaa wa Kuze, la makufuli, bawaba na vyombo vya shaba. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana hapo watu watatu: yeye, mimi, na bwana mmoja aliyestaafu kazi ya reli, mtu wa bara, Mkristo, anayetembea kwa miguu kutoka Tononoka na mwavuli kwapani hata kukiwa na jua. Sisi twamwita Mstaafu, na mwenyewe hupenda. Huyo ana macho makali kuliko sonara. Ukimpa sarafu huigeuza, huinusa, huigonga kwenye ukucha, kisha hunyamaza mpaka ukaanza kujiuliza umemkosea nini.

Namna yetu ya kupima hali ya sarafu ni ya kahawa. Kila mmoja hupewa buni kumi mbichi na kikombe kidogo. Ukishaitazama shaba vya kutosha, waweka buni zako chini ya kikombe kwa siri, na vikombe vyote huinuliwa pamoja. Buni kumi ni sarafu iliyo kama imetoka kiwandani leo, nasi hatujawahi kuiona. Buni moja ni ile tunayoiita kipofu, iliyofutika uso wote. Ukiinua kikombe pasiwe na kitu chini yake, wasema sarafu ni ya bandia. Tunaficha kwa sababu ya adabu. Mjomba ni mkubwa wangu, na nikimsikia kasema saba, ulimi wangu hauwezi kutamka nne. Chini ya kikombe hakuna mkubwa.

Kanuni ya pili ni hii: shaba kwanza, hadithi baadaye. Mwenye sarafu haruhusiwi kueleza ilikotoka mpaka buni ziwe zimehesabiwa, kwa kuwa hadithi tamu hupaka sarafu rangi.

Sasa niseme habari ya Mwalimu.

Mwalimu ndiye aliyenifunza kusoma Kurani, mimi na nusu ya wanawake wa mtaa wetu. Ni bibi mzee sasa, mwembamba, sauti yake bado ile ile ya kumkamata msichana anayeruka aya. Anakaa katika nyumba ya wazee wake, uchochoro wa nyuma ya duka la mjomba, pamoja na wifi yake, mke wa marehemu kaka yake. Wote wawili wajane. Wifi ni mnene, mcheshi, mpishi hodari, na kazi yake ya pili baada ya kupika ni kumtania Mwalimu.

Utani wenyewe ulikuwa juu ya mlango. Tulipokuwa chuoni, tukisoma Kurani nyumbani kwake, Mwalimu alikuwa akituambia kwamba mlango wa nyumba yao umeshikwa na Marekani. Kwamba babu wa babu yake aliwauzia ngozi Wamarekani, na baharia mmoja akampa sarafu ya kwao iwe ukumbusho. Kwamba mzee yule alipotia pete ya kugongea kwenye mlango wake wa nakshi, aliitoboa sarafu hiyo akaipitisha kwenye msumari kwa upande wa ndani, kama washa ya fundi, kile kiduara kinachozuia msumari usizame mbaoni, akaupinda msumari juu yake. Sisi tulisikiliza kwa sababu hadithi ilikuwa bora kuliko fimbo. Wifi alikuwa akipitisha kichwa dirishani na kutuambia tusiihofu Marekani hiyo, haitaki viza, mtu hugonga tu.

Hakuna aliyeweza kuhakikisha. Juu ya ncha hiyo iliyopindwa kulikuwa na kibao kilichopigiliwa na watu wa zamani, na nani atabomoa mlango wa wazee kwa sababu ya kutaka kujua?

Mwaka huu pete ikalegea. Fundi akaja Jumamosi asubuhi, akaushusha ubao mmoja wa mlango, akaulaza kiwandani, yaani uani kwao, akakibandua kile kibao na kuukata msumari. Shaba ikaanguka sakafuni. Nimeambiwa kwamba Mwalimu alipiga kigelegele, ingawa mwenyewe asema hakupiga, alikohoa. Siwezi kuamua, sikuwepo.

Wifi hakukubali. Alisema shaba ni shaba, pengine ni pesa tu ya Mvita, pengine kipande cha sufuria. Wakabishana mpaka fundi akaacha kazi akasikiliza. Mwisho wakakubaliana. Shaba ipelekwe kwa watu wa kahawa, ndio sisi. Tukisema ni ya Marekani ya kale, wifi mwenyewe atazunguka nyumba za mtaa na kutangaza. Tukisema siyo, Mwalimu hataisimulia tena hadithi ile, wala kwa wasichana wa chuoni wala kwa wajukuu.

Ukisikia hivi waweza kuona ni mchezo wa wazee. Mimi sikuona mchezo. Mwalimu alikuwa ametaniwa maisha yake yote, lakini hakuwahi kuitwa mwongo. Sasa utani ulikuwa umegeuka kuwa ndiyo au siyo, na mtu aliyetufunza kutosema uongo alikuwa anauleta ukweli wake kwetu, watu watatu wenye buni.

Waliingia dukani pamoja, mabuibui yakigusana. Tukaamkiana kirefu, tukaulizana hali za nyumbani, za wagonjwa na za waliosafiri, Mstaafu akapewa shikamoo yake na akatoa yake. Kisha Mwalimu akafungua kitambaa cha hariri juu ya meza.

Ilikuwa inang'aa. Nyekundu, safi, kama sufuria siku ya kuamkia Idi. Mjomba alivuta pumzi kwa meno. Mimi nilijua, lakini ilinibidi niulize.

"Mwalimu, umeiosha?"

"Nisiioshe kwani?" akasema. "Imekaa ndani ya mbao tangu enzi za wazee, ina masizi, ina kijani. Mgeni hapelekwi kwa watu na uso mchafu. Nimeisugua kwa ukwaju na majivu, nikaisuuza kwa ndimu, na mkono wangu huu wauma mpaka sasa."

Yeyote wa mtaa wetu angefanya vivyo hivyo. Shaba ya nyumba husuguliwa kwa ukwaju; aliyenifunza kuisugua ni yeye. Lakini sarafu ya kale ina ngozi yake, rangi ya tende iliyoiva, inayojijenga polepole kwa vizazi na isiyorudi ikishavuliwa. Ngozi hiyo ndiyo shahidi wa kwanza. Ukiivua, shaba ya kweli na shaba iliyochongwa jana kuuziwa watalii huwa ndugu mapacha.

Tuliipima kwenye mizani ya mjomba, pamoja na shaba yake moja ya Marekani aliyo nayo tangu ujana. Uzito ulikaribiana sana. Upande mmoja ulikuwa umepondwa na nyundo, kichwa cha mwanamke kimebaki nywele na kipande cha shingo, tarehe imelala chali, haisomeki. Upande wa pili ulikuwa na shada la majani na herufi za duara, wazi kuliko za sarafu ya mjomba, na tundu kubwa la msumari katikati. Uwazi huo ndio uliomtia Mstaafu shaka. Aliigonga kwenye ukucha, akaigeuza, akairudisha kwenye kitambaa.

Mimi nilikipindua kikombe changu nikasema sihesabu. Hadithi nilikuwa naijua tangu utotoni, na mleta shaba ni mwalimu wangu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuweka buni kwa haki. Mjomba alisema hiyo ni sawa. Moyoni sikuwa na hakika kama ni haki iliyonizuia au ni woga. Mpaka leo sina hakika.

Vikombe viwili vikainuliwa. Chini ya cha mjomba palikuwa na buni nne. Chini ya cha Mstaafu hapakuwa na kitu.

Mwalimu alikitazama kikombe kile kitupu. Hakuuliza maana yake. Mtaa mzima unaijua.

Mstaafu akavua miwani. "Mama," akasema, "mimi sisemi wewe umesema uongo. Nasema hii sarafu imenyamaza. Uzito hata mwigaji anaweza kuupata. Herufi zake ni nzuri mno kwa umri wake, na rangi yake haina la kuniambia. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimekuheshimu wewe, sijaitazama shaba."

Alisema kweli. Niliudhika naye kwa kiasi ninachoona haya kukiandika, lakini alisema kweli. Na wifi naye nisimwonee: hakucheka. Nilimtazama nikisubiri kicheko chake, naye alikuwa anamtazama Mwalimu, kisha akamgusa kiwiko. "Twende zetu, wifi. Nimeacha unga umekandwa."

Ndipo likanijia. Najua jambo zuri halinijii mara nyingi, ndiyo maana nalikumbuka vizuri hili. Mwalimu alikuwa ameosha shaba. Ubao hakuuosha.

Nikauliza kama fundi ameshaurudisha mlango. Wifi akasema fundi kaenda kula, na akienda kula huwa amekwenda. Mlango bado umelala kiwandani. Mjomba hakungoja nimalize, akachukua kioo chake cha kukuzia, akavuta mlango wa duka, na sote tukaingia uchochoroni, Mstaafu mbele na mwavuli wake kama anaongoza maandamano.

Ubao ulikuwa umelala chali juu ya mikeka, upande wa ndani ukitazama mbingu. Palipokuwa na shaba palikuwa na kidimbwi cha duara, kimebonyea ndani ya mbao, na kijani kimeingia kwenye nyuzi za mti mpaka ndani, kama wino. Mstaafu alipiga magoti kwenye simiti bila kujali suruali yake. Alimulika kwa simu, akakwaruza kidogo kwa ukucha. Akasema kijani hicho si cha juzi. Mle ndani kulikuwa na mikunjo na vitundu, lakini vilikuwa kinyume, vivuli vitupu, na kila mtu aliona lake. Mjomba aliona majani. Mwalimu aliona herufi. Wifi alisema yeye aona mchwa.

"Wifi," nikamwambia, nikimwita kama anavyoitwa na mtaa mzima, "nigawie tonge la unga wako."

"Wa nini?"

"Nataka kuubandika hapa."

Alinitazama kama nimepatwa na jua. Lakini alikwenda jikoni akarudi na bakuli. Nikakata tonge, nikataka kulibonyeza, akanishika mkono. "Hivyo utanata, ukitoka utakuwa uji. Ngoja." Akaliongezea unga mkavu, akalikanda juu ya kiganja mpaka likakaza, akachovya kidole kwenye mafuta akakipaka kile kidimbwi taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga. Kisha akaweka tonge, akalikandamiza kwa gumba kutoka katikati kwenda ukingoni, hatua kwa hatua, asiache hewa. Sote tulikuwa tumeinama juu yake. Hata paka wa nyumba alikuwa ameinama.

Akalibandua. Akaligeuza.

Shada la majani lilikuwa pale. Matawi mawili yamepinda na kuelekeana, majani yake yamevimba juu ya unga mweupe, na kuyazunguka, herufi. Si zote. Nyingine zilikuwa zimeliwa na ufa wa mbao, na katikati unga ulikuwa umeingia tundu la msumari ukafanya kinundu. Mstaafu alisogeza miwani akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza steshoni: "A. M. E. R. Hapa pamekatika."

"Pamekatika pazuri," akasema mjomba.

Tukaweka shaba kando ya unga. Ukingoni mwa shaba kulikuwa na pengo dogo, karibu na shina la shada. Kwenye unga pengo hilo hilo, mahali pale pale. Tundu la shaba halikuwa katikati barabara, lilikuwa limeegemea kidogo upande mmoja, na kile kinundu cha unga vivyo hivyo. Mstaafu akaomba tonge la pili, maana yeye hasadiki jambo kwa kuliona mara moja, na wifi akalikanda bila kunung'unika. Likatoka sawa na la kwanza. Tukaelewa basi kwa nini herufi ni nzuri kuliko za sarafu ya mjomba: hii haikuzunguka sokoni mikononi mwa watu. Nyundo iliyopinda msumari iliiponda upande mmoja na kuulaza upande wa pili kwenye mbao, na huko ulilala salama mpaka asubuhi ile ya ukwaju.

Mstaafu alisimama, magoti yakalia. "Mama, kikombe changu kitupu nimekiondoa. Kimekosea."

"Hakikukosea," Mwalimu akamjibu. "Mimi ndiye niliyemwosha shahidi."

Kila mtu alikuwa anacheka sasa. Ningeliacha pale, na ningelikuwa na jioni tamu. Lakini kulikuwa na neno limenikwama, na nilipomwona wifi anachukua buibui lake ili akatangaze, nilijua nisipolisema nitakuwa nimeweka buni za upendeleo. Nikamwambia Mwalimu, bila kumtazama usoni, kwamba mlango umethibitisha jambo moja tu. Umethibitisha kwamba shaba hii ni ya Marekani na kwamba imo humu tangu msumari ulipopigwa. Haujathibitisha baharia. Haujathibitisha ngozi, wala kwamba mzee alipewa kwa mkono. Pengine aliinunua. Pengine aliiokota.

Mjomba alinikanyaga mguu.

Mwalimu akakaa kwenye kigoda, akaniita. "Njoo hapa, mwanangu. Nilikwambia nilimwona baharia?"

"La, Mwalimu."

"Nilisema nini?"

"Ulisema uliambiwa."

"Na nani?"

Hapo nikawa tena msichana wa chuoni. Nikataja: na nyanya yake. Akaniuliza nyanya aliambiwa na nani. Nikasema na mama mkwe wake. Na mama mkwe? Na mumewe, aliyekuwa mtoto wakati mlango unatiwa pete, na aliyemshikia baba yake msumari. Kumbe nilikuwa naijua silisila yote, mmoja baada ya mwingine. Alitufunza pamoja na mambo mengine na sisi hatukujua kwamba tunafunzwa. Mstaafu alikuwa amesimama mdomo wazi. Alisema kwamba ng'ambo wenye kukusanya shaba hufurahi wakijua sarafu ilikuwa ya nani kabla ya huyu wa mwisho, na wengi huishia hapo.

"Silisila moja," nikasema, maana nilikuwa nimeshaanza na sikuweza kujizuia, "ni silisila moja, Mwalimu. Wewe mwenyewe ulitufunza kwamba khabari ya njia moja yahitaji mwenzake."

Wifi akaweka bakuli chini.

"Mwenzake yuko," akasema. Alikuwa hatazami mtu. "Marehemu aliniambia. Tulipooana, alinionyesha mlango, akasema ndani mna shaba ya baharia wa Marekani, babu aliuza ngozi. Yeye aliambiwa na baba yake, si na nyanya."

Mwalimu aligeuka mwili mzima. "Ulijua?"

"Sikujua. Niliambiwa. Nikadhani ni bwana harusi anajisifu mbele ya mke mpya. Wanaume husema mengi wiki ile."

"Na miaka yote hii wanicheka?"

"Ningekucheka kwa lipi jingine, wifi? Huna ila yoyote."

Nilidhani Mwalimu atakasirika. Alianza kutetemeka mabega, na sikutambua ni kicheko mpaka alipojifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani. Wifi naye akashindwa, akakaa chini kwenye mkeka kando ya mlango, mikono ina unga, wakacheka wote wawili mpaka machozi yakaja, kila mmoja akimwambia mwenziwe anyamaze. Mjomba akajifanya anachunguza nakshi.

Walipotulia, Mwalimu akaichukua shaba, akaifuta kwa ncha ya leso, akanipa. "Hujaweka buni zako," akasema. "Sasa huna udhuru. Ni ya kweli, na silisila zake ni mbili. Hali yake je?"

Niliigeuza kwenye mwanga. Tundu. Uso uliopondwa. Herufi nzuri, lakini zimesuguliwa, na mikwaruzo myembamba ya majivu imepita juu ya kila jani. Nilitamani sana kusema saba. Alikuwa amekaa vile vile alivyokuwa akikaa akinisikiliza nikisoma, kichwa kimeinama upande, na hakuwahi hata mara moja kunipitishia kosa kwa kunionea huruma.

"Tatu, Mwalimu."

"Tatu tu?"

"Ingekuwa tano. Mbili zimeliwa na ukwaju."

Wifi alipiga paja. Mwalimu akaitikia kwa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya nilipomaliza sura bila kosa, akamwambia wifi akachome chapati kabla watu hawajaaga.